Chupa tatu za Bordeaux nyekundu changa, Arusha na Moshi: ipi inastahili bei yake

Ukinunua chupa moja tu, nunua Bordeaux Supérieur ya mavuno ya 2022. Bordeaux ya kawaida ya 2023 ni mvinyo mwaminifu kwa bei yake, mradi uinywe ikiwa imepoa. Médoc ya 2021, ambayo ndiyo ghali kuliko zote tatu, iache kwenye rafu hata kama lebo yake ina mchoro wa kasri na maandishi ya dhahabu.

Majina ya mashamba tumeyaacha kwa makusudi. Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, ina maelfu ya mashamba, na duka la Njiro au la Barabara ya Boma huweza kuleta shamba moja kwenye shehena hii na jingine kabisa kwenye shehena ijayo. Kisichobadilika ni aina: eneo lililoandikwa kwenye lebo, mwaka wa mavuno, na zabibu zilizochanganywa. Anayejua kusoma mambo hayo matatu ataweza kuihukumu hata chupa ambayo hajawahi kuiona.

Lalamiko linalosikika sana kuhusu mvinyo huu ni kwamba "umechacha" au "umeharibika". Mtu aliyezoea mvinyo mtamu wa Afrika Kusini, au Dompo ya Dodoma, anapiga funda la kwanza, mdomo unakauka, ufizi unakaza, anaisukuma glasi pembeni. Mara nyingi mvinyo ni mzima. Bordeaux nyekundu ni mvinyo mkavu: sukari iliyobaki ndani yake ni gramu chache tu kwa lita, kwa hiyo hakuna utamu wa kufunika kitu chochote. Unachohisi ni tanini. Tanini hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine kwenye mbao za pipa. Juisi huachwa ichachuke pamoja na maganda yake, kwa Bordeaux mara nyingi wiki mbili hadi tatu, na hapo ndipo rangi na tanini vinapoingia. Mdomoni tanini hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na ndiyo sababu ulimi unakwaruza.

Mnywaji wa mbege hahitaji kufundishwa jambo hili. Gome la msesewe ndilo linaloipa mbege ule uchungu unaokata utamu wa ndizi, na hakuna mtu Kibosho au Marangu anayeimwaga kwa sababu ina msesewe. Anachouliza ni kama msesewe umezidi. Swali la Bordeaux changa ni hilohilo. Ukakasi upo na lazima uwepo. Cha kupima ni kama kuna tunda, yaani ladha ya matunda, la kutosha kuubeba. Ukakasi ukitangulia na tunda likafuata hadi mwisho, mvinyo ni mzuri na bado una miaka mbele. Tunda likiondoka kwanza na kuuacha ukakasi peke yake, mvinyo ni mwembamba, na hakuna kabati litakalouponya. Wauzaji wengi hukwepa hapa. Husema "ni mchanga, uuweke utalainika." Ni kweli tanini hulainika kadiri miaka inavyopita, kwa kuwa huungana zenyewe kwa zenyewe na nyingine huzama chini na kuwa mashapo. Lakini tunda nalo hupungua katika miaka hiyohiyo, wala haliongezeki hata siku moja. Chupa ambayo leo haina tunda, baada ya miaka mitano itakuwa laini na tupu.

Kabla ya kuhukumu: joto na hewa

Chupa nyingi zinazolaumiwa hapa kwetu zimeponzwa na joto la chumba. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za Ulaya za zamani, ambako chumba kilikuwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai chupa iliyokaa kabatini inaweza kuwa tayari bila kuguswa. Moshi iko chini ya mita 1,000, na mchana wa Januari au Februari joto huvuka nyuzi 30. Mvinyo wenye kilevi cha asilimia 14.5 ukiufungua kwenye joto hilo, kilevi kinapanda puani kabla ya harufu nyingine yoyote, tunda linanukia jamu, na kila kitu mdomoni kinalegea. Upande wa pili nao una hatari yake. Chupa iliyolala kwenye friji usiku kucha inatoka na nyuzi 5, na katika baridi hiyo tanini na uchachu huonekana vikali maradufu, huku harufu ikiwa imejifunga. Anayeifungua moja kwa moja atasema ni kali, na kwa wakati huo atakuwa sahihi.

Fanya hivi. Chupa iliyokuwa kwenye chumba cha nyuzi 28 iweke kwenye friji, rafu ya kawaida, kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Ukiwa na haraka, ndoo yenye maji nusu na barafu nusu hufanya kazi hiyo kwa dakika 8 hadi 10. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa sababu haiigusi chupa pande zote. Mimina ikiwa na nyuzi 16, maana glasi na mkono vitaipandisha hadi 18 mapema kuliko unavyodhani. Kipimajoto cha jikoni ukikichovya kwenye glasi ya kwanza kitamaliza ubishi wote.

Kuhusu hewa, kung'oa kizibo na kuiacha chupa imesimama hakusaidii chochote. Sehemu ya mvinyo inayogusana na hewa shingoni ni ndogo kuliko sarafu. Mimina chupa nzima kwenye jagi la kioo, kwa kishindo kidogo bila kuogopa povu. Jagi la plastiki lililozoea juisi ya embe au maji ya matunda usilitumie, litatoa harufu hiyo. Bordeaux ya kawaida inatosheka na dakika 20 hadi 30; Supérieur na Médoc zipe saa nzima. Kama chumba kina joto, lisimamishe jagi ndani ya beseni la maji ya baridi wakati linasubiri.

Glasi iwe na tumbo na mdomo uliobana, ili harufu isitawanyike. Kwa kupima tia mililita 50, yaani chupa ya mililita 750 itatoa glasi 15 za kuonja. Kabla ya kumimina, nusa glasi tupu. Glasi zilizofunikwa juu ya rafu ya mbao huhifadhi harufu ya kabati na vumbi, na watu huitupia lawama chupa. Isuuze kwa maji safi, kisha isuuze tena kwa tone la mvinyo wenyewe.

Unapoonja, nusa kwanza bila kuzungusha, halafu zungusha na unuse tena. Chukua funda dogo, mililita 10 hadi 15, uvute hewa kidogo juu yake, lipitishe kwenye ufizi wa mbele na mashavu, lishikilie kwa sekunde kumi hivi, kisha uteme. Baada ya kutema anza kuhesabu: tunda linadumu sekunde ngapi, na kinachobaki baada yake ni nini. Tofautisha mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi. Uchachu hukufanya utoe mate. Ukakasi hukukausha mate. Uchungu hubaki kooni baada ya vyote kwisha. Bordeaux changa nzuri ina mawili ya kwanza kwa wingi, na la tatu kwa kiasi kidogo mno.

Jambo moja huharibu vikao vingi vya kuonja: ukakasi hujilimbikiza. Funda la tatu hukausha kuliko la kwanza hata kama ni la mvinyo uleule, kwa hiyo chupa ya mwisho mezani huonewa. Anza na nyepesi, suuza kwa maji na kipande cha mkate mtupu, pumzika dakika mbili tatu, na ukimaliza rudia kwa kuanzia mwisho. Hukumu zilizo hapa chini zimesimama kwa mipangilio yote miwili.

Bordeaux ya kawaida, 2023, kilevi asilimia 13

Hii ndiyo chupa utakayoiona zaidi madukani. Lebo inasema Bordeaux tu, bila jina la kijiji, maana yake zabibu zinaweza kutoka popote katika eneo lote linalozunguka mito ya Garonne na Dordogne. Zabibu kuu ni Merlot, ambayo ndiyo zabibu nyekundu inayolimwa zaidi huko: inaiva mapema, ganda lake si nene sana, na mvinyo wake ni laini. Mwaka 2023 unyevu ulileta ukungu mwingi kwenye majani na vichala, na Merlot ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka haukuwa mbaya, lakini chupa za bei ya chini zinatofautiana sana.

Hii ina rangi nyekundu ya wastani yenye ukingo wa pinki. Ukiiinamisha juu ya karatasi nyeupe unaona kidole upande wa pili. Inanukia forosadi na zambarau, na kwa mbali majani mabichi. Mdomoni uchachu ni safi, ukakasi ni mdogo na unakaa kwenye ufizi wa mbele tu, tunda linadumu sekunde nne au tano kisha linaondoka bila kuacha uchungu. Hakuna pipa. Hakuna kina. Ni mvinyo wa kunywa sasa, kwa nyuzi 14 au 15, baridi kidogo kuliko nyenzake, na baridi hiyo haiuumizi kwa sababu tanini zake ni chache. Kipimo cha bei kiwe chupa nzuri ya mvinyo mkavu wa zabibu ya Cabernet ya Afrika Kusini iliyopo kwenye rafu hiyohiyo. Bei zikilingana, au hii ikizidi kidogo, chukua. Ikifika mara mbili, hapana.

Bordeaux Supérieur, 2022, kilevi asilimia 14.5

Neno Supérieur kwenye lebo lina uzito wa kisheria: mavuno kwa hekta lazima yawe machache kuliko ya Bordeaux ya kawaida, na mvinyo lazima ukae muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa. Halihakikishi ubora, lakini linapunguza ile hali ya mvinyo uliolegezwa kwa wingi wa mavuno. Halafu kuna mwaka. Kiangazi cha 2022 Bordeaux kilikuwa cha joto kali na ukame. Zabibu zilibaki ndogo, na zabibu ndogo ina ganda jingi kuliko juisi, kwa hiyo rangi nyingi, tanini nyingi na sukari nyingi ya kugeuka kilevi. Ganda hilo liliiva kabisa, na uivaji wa ganda ndio unaotenganisha ukakasi mzuri na mbaya.

Rangi ni zambarau nzito; katikati ya glasi huwezi kusoma herufi, ukingo bado ni wa urujuani. Ukiifungua tu inanukia kiberiti kilichowashwa, na wapo watakaoshtuka. Hiyo ni harufu ya mvinyo uliokosa hewa ndani ya chupa, na baada ya dakika 20 kwenye jagi imetoweka. Badala yake inatoka zambarau iliyoiva hadi kupasuka, kakao, karafuu, na vanila kidogo kutoka kwenye mwaloni, mti wa mapipa. Vanila hiyo haipigi kelele. Mvinyo wa bei nafuu mara nyingi hupata ladha ya mwaloni kwa vipande vya mbao vilivyolowekwa ndani ya tangi, jambo linaloruhusiwa katika Umoja wa Ulaya tangu 2006, na vikizidi utanusa vanila na nazi mwanzo hadi mwisho. Hapa tunda liko mbele ya mbao.

Mdomoni ukakasi ni mwingi. Unatanda ufizi wote, juu na chini, lakini chembe zake ni laini na hazikwaruzi, na tunda linapita katikati yake bila kukatika. Baada ya kutema, zambarau na kakao vinadumu zaidi ya sekunde kumi, na kitu cha mwisho kuondoka ni tunda. Hapo ndipo chupa hii inaposhinda. Udhaifu wake ni kilevi: kwa nyuzi 16 hadi 17 kimejificha, kwa nyuzi 20 kinachoma koo, kwa nyuzi 25 chupa nzima imeharibika kwa macho ya mnywaji. Moshi, ndoo ya barafu iwe mezani muda wote, na chupa iingie na kutoka.

Kipimo cha siku ya pili kinathibitisha zaidi. Mara baada ya kufungua, jaza chupa safi ya maji ya nusu lita hadi juu kabisa, minya kidogo hewa itoke, funga na uiweke kwenye friji. Baki na ile mililita 250 ya kunywa. Kesho yake itoe mapema ipate joto na uonje. Supérieur hii siku ya pili ina harufu iliyofunguka zaidi na ukakasi uliotulia. Ina nguvu ya kufika miaka mingine minne au mitano ikihifadhiwa kwenye nyuzi 12 hadi 14. Kabati la sebuleni Moshi halina nyuzi hizo, wala jokofu la duka linalozimwa usiku, kwa hiyo kama huna mahali pa baridi isiyobadilika, inywe ndani ya miezi michache.

Kama bei yake haizidi mara mbili ya ile Cabernet ya kulinganishia, inastahili.

Médoc, 2021, kilevi asilimia 12.5

Médoc ni rasi iliyo kaskazini mwa mji wa Bordeaux, ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde. Ardhi yake ya changarawe hupitisha maji haraka na hushika joto, na ndiyo iliyoipa Cabernet Sauvignon makao: zabibu ndogo, ganda nene, inayochelewa kuiva. Ikiiva, hakuna Bordeaux inayoishinda kwa uthabiti. Isipoiva, hakuna inayoishinda kwa ugumu. Mwaka 2021 baridi kali ya Aprili iliunguza machipukizi, mvua zikaleta ukungu, na kiangazi hakikuwa na joto la kutosha. Mashamba tajiri yaliweza kuchagua kichala kwa kichala na kutupa vibaya, na mengine yalitoa mvinyo mzuri mwepesi. Chupa ya bei ya kati haina fedha za uchaguzi huo.

Inanukia pilipili hoho ya kijani, majani ya nyanya, na penseli iliyochongwa. Harufu ya penseli ni ya kawaida kwa Cabernet wa Médoc na wengi wanaipenda. Hoho ikizidi, hiyo ni dalili ya zabibu iliyochumwa kabla ya kuiva. Kiasi kidogo huleta uchangamfu; hapa kimefunika tunda lote. Mdomoni inaanza vizuri kwa uchachu wa forosadi mbichi, katikati pana shimo, kisha ukakasi unashuka wote kwa pamoja, mkavu na wa kukwaruza, na sekunde tano baadaye kilichobaki ni uchungu wa kooni na ladha ya mbao. Saa nzima kwenye jagi inaondoa ukali wa harufu tu. Siku ya pili tunda ni dogo zaidi. Hiyo ndiyo chupa isiyo na cha kusubiri.

Lebo yake inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayouza. "Château" ni jina la shamba, liwe na kasri au lisiwe nalo. "Grand Vin de Bordeaux" si daraja. Ni maneno ambayo shamba hujiandikia lenyewe. Lile daraja maarufu la 1855 lina mashamba 61 tu ya mvinyo mwekundu, na mengi yao huandika wazi "Grand Cru Classé", kwa bei ambayo haikutani na rafu ya duka la kawaida. Vilevile usichanganye Médoc tupu na Margaux au Pauillac, ambavyo ni vijiji vya ndani ya rasi hiyo vyenye sheria zao. Maneno yenye maana halisi kwa mnunuzi ni mwaka, jina la eneo, na "mis en bouteille au château", yaani mvinyo ulitiwa kwenye chupa palepale shambani.

Mezani

Nyama choma ndiyo rafiki wa kweli wa ukakasi. Tanini hukutana na protini na mafuta ya nyama badala ya mate yako, na chumvi hupunguza uchungu. Supérieur na mbuzi choma wa mafuta mafuta, au ndafu iliyokaushwa vizuri ngozi, ni mlo kamili. Hata Médoc ya 2021 ilivumilika mbele ya mbuzi, ingawa kazi yote ilifanywa na nyama. Nyama isiungue: masizi meusi ya mkaa yana uchungu wake, na uchungu huo unajumlishwa na wa mvinyo. Bordeaux ya kawaida inakwenda na machalari, mishkaki, na ndizi nyama isiyo na nazi nyingi.

Pilipili ndiyo adui. Pilipili kali hukipa kilevi moto na huukuza ukakasi, na mvinyo wa asilimia 14.5 juu ya pilipili mbuzi hauna ladha yoyote tena zaidi ya kuchoma. Iweke pembeni mpaka glasi iishe. Tomato sosi ya chupa ina sukari, na sukari hiyo huufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu na mchungu kuliko ulivyo. Kachumbari yenye ndimu nyingi huufubaza. Samaki nao hapana: mafuta ya samaki na madini ya chuma yaliyo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na kuacha ladha ya shombo.

Kwenye rafu

Chupa hizi zimetoka Ulaya kwa meli, zikapita tropiki ndani ya kontena, zikashuka Dar es Salaam na kupanda lori kwa zaidi ya kilomita 500. Joto la njiani ndilo kosa kubwa kuliko yote, na dalili zake huonekana kabla ya kulipa. Mvinyo uliopashwa joto hutanuka na kusukuma kizibo. Pitisha kidole juu ya kofia ya chupa, kizibo kikiwa kimeinuka au kofia ikinata, rudisha. Michirizi iliyokauka shingoni ina maana hiyohiyo. Inua chupa kwenye mwanga: mvinyo wa miaka miwili mitatu unapaswa kufika ndani ya shingo, ukiwa umeshuka hadi mabegani, umevuja. Chupa iliyosimama dirishani au chini ya taa kali usiichukue hata ikiwa na punguzo. Omba ya ndani ya katoni. Angalia pia stempu ya kodi ya TRA, na uikague kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu, maana chupa iliyoingia kwa njia za panya haina historia ya kuulizia.

Kasoro halisi ni chache na kila moja ina harufu yake. Boksi lililolowa au ghala lenye ukungu: kizibo kimeuambukiza mvinyo, na hewa haitausaidia, itazidisha. Siki na rangi ya kucha: bakteria wameuwahi. Tofaa lililooza pamoja na ukingo wa kahawia kwenye mvinyo wa 2022 au 2023: hewa imeingia. Zabibu kavu na jamu iliyoungua, rangi ikiwa imefifia: joto la safari. Zizi au plasta ya kidonda: ni hamira ya porini, kidogo wengine huipenda, ikizidi hailiki wala hainyweki. Chembe ngumu zinazong'aa chini ya kizibo au chini ya chupa, zinazowatisha watu wakidhani ni vioo, ni fuwele za asidi ya zabibu. Hazina madhara, acha tu zibaki chini. Ukipata kasoro mojawapo ya zile za mwanzo, irudishe chupa ikiwa bado imejaa pamoja na kizibo chake na risiti. Aliyekunywa nusu hana hoja. Hotelini, lile funda la kwanza analokumiminia mhudumu lipo kwa ajili ya ukaguzi huo. Kutopenda ukakasi hakuhesabiwi humo.

Mvinyo uliobaki uhifadhi kwa njia ileile ya chupa ndogo iliyojaa, kwenye friji, siku mbili hadi tatu. Bordeaux ya kawaida imalize kesho yake. Ikipita hapo, tia glasi moja kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe mapema, pamoja na vitunguu na kabla ya maji, ili kilevi kipate muda wa kutoka.